Hewa, Kisu na Jiwe la Titi: Kisa cha Wanawake wa Mashariki mwa North Carolina

Mashariki mwa jimbo la North Carolina nchini Marekani kuna tambarare ya mashamba ya tumbaku inayoteremka hadi bahari ya Atlantiki, na katika miji yake midogo Weusi na Weupe wameishi jirani tangu enzi za utumwa, wakitumia barabara zilezile lakini kwa muda mrefu wakipita milango tofauti. Mji wa Greenville, makao makuu ya kaunti ya Pitt, ndio wenye hospitali ya chuo kikuu inayopokea wagonjwa wa eneo hilo. Kwa wanawake waliogunduliwa kuwa na saratani ya matiti hapo kati ya mwaka 1985 na 1992, jambo moja lilijirudia: mwanamke Mweusi alikuwa na uwezekano mkubwa kuliko jirani yake Mweupe wa kufika ugonjwa ukiwa umeshafikia hatua ya tatu au ya nne. Katika hatua hizo jiwe, yaani uvimbe wa saratani, huwa limeshaenea hadi kwenye tezi nyingi za kwapa, limeshika ngozi au ukuta wa kifua, au chembe zake zimeshahamia kwenye mifupa, mapafu au ini.

Maelezo ya haraka yalikuwepo, na kila mtu alikuwa na lake. Wapo waliosema ni umaskini. Wapo waliosema ni ujinga, ingawa kwa lugha ya adabu waliuita ukosefu wa elimu. Wapo pia walioandika neno «rangi» kwenye jedwali na kuona kazi imekwisha, kana kwamba rangi ya ngozi ndiyo inayomzuia mtu kupanda gari kwenda hospitali. Daktari wa upasuaji Donald Lannin, mwanaanthropolojia Holly Mathews na wenzao wa East Carolina University waliamua kutoridhika na jibu lolote kati ya hayo mpaka wanawake wenyewe waulizwe. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1998 katika JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, na kisa hicho ninakichambua hapa kwa sababu kinahusu kosa ambalo wahudumu wa afya bado wanalifanya kila siku, Marekani na kwetu.

Kazi ilianza kwa kusikiliza. Kabla ya dodoso, Mathews na wenzake walikaa na wanawake Weusi 26 waliofika na ugonjwa uliokomaa, wakawaacha wasimulie tangu siku walipogusa kinundu kwa mara ya kwanza. Masimulizi hayo yalichapishwa mwaka 1994. Ndani yake kulikuwa na namna nzima ya kuelewa mwili: damu inayopaswa kuwa katika mizani, ugonjwa unaolala na ugonjwa unaoamshwa, na Mungu anayejua siku ya kila mtu. Hatua iliyofuata ilikuwa dodoso. Walihojiwa wagonjwa 540, na pamoja nao wanawake 414 wasio na ugonjwa huo, waliolinganishwa nao kwa umri, rangi na eneo la makazi. Kati ya wagonjwa hao 540, 94 walikuwa wamefika katika hatua ya tatu au ya nne.

Hesabu yenyewe inahitaji kusomwa polepole. Watafiti walipoangalia rangi peke yake, uwiano wa uwezekano wa kuchelewa kwa wanawake Weusi ulikuwa 3.0, yaani ukichukua waliochelewa dhidi ya wasiochelewa katika kila kundi, mzani wa upande wa Weusi ulielemea mara tatu. Lakini kipato cha chini kilikuwa na uwiano wa 3.7, mkubwa kuliko wa rangi. Mwanamke ambaye hajawahi kuolewa alikuwa na 2.9, asiye na bima binafsi ya afya 2.5, asiye na usafiri 2.0, na aliyeahirisha kumwona daktari kwa sababu ya fedha 1.6. Mambo hayo ya maisha na kipato yalipoingizwa yote kwenye hesabu moja, uwiano wa rangi ulishuka kutoka 3.0 hadi 1.8. Ulishuka sana, lakini haukutoweka. Umaskini ulikuwa umeeleza sehemu kubwa ya tatizo na kuacha sehemu nyingine ikiwa haina maelezo.

Ndipo wakaingiza imani. Mwanamke aliyeamini kwamba hewa ikiingia kwenye saratani inaisambaza alikuwa na uwiano wa 2.8 wa kufika akiwa amechelewa. Aliyeamini kwamba shetani anaweza kumsababishia mtu saratani, 2.2. Aliyeamini kwamba mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa titi havutii tena wanaume, 1.9. Aliyeamini kwamba watibabu wa kunyoosha uti wa mgongo wanaweza kuponya saratani ya titi, 2.4. Imani za aina hii zilipounganishwa na kipato, bima, ndoa na usafiri, uwiano wa rangi ulishuka hadi 1.2, kiasi ambacho kitakwimu hakitofautiki na 1, yaani na kutokuwepo kwa tofauti yoyote.

Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana kwenye jedwali. Hesabu haikusema kwamba Weusi wanachelewa kwa sababu ni Weusi. Ilisema kwamba ukimkuta mwanamke Mweupe mwenye kipato kilekile, asiye na bima vilevile, asiye na gari vilevile, na anayeamini mambo yaleyale kuhusu kisu na hewa, naye anaelekea kuchelewa karibu sawa na jirani yake Mweusi. Neno «rangi» lilikuwa mfuko ambamo vitu vingine vilikuwa vimetiwa bila kuhesabiwa. Vilipotolewa kimoja kimoja, mfuko ukabaki karibu mtupu.

Imani ya hewa ndiyo inayostahili kukaliwa zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa kati ya zile nne na ndiyo inayodharauliwa kwa haraka zaidi. Kwa mujibu wake, saratani iliyofungiwa ndani ya mwili imetulia, na mtu anaweza kuishi nayo. Daktari akiichoma kwa sindano ya kuchukua kipande cha nyama, au akiifungua kwa kisu, hewa inaingia, ugonjwa unaamka na kutapakaa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana, kwa maana maneno hayohayo tunayasikia katika wodi na sebule zetu: uvimbe usichokozwe, fulani alikuwa mzima hadi siku waliyomkata, baada ya upasuaji hakumaliza hata mwaka. Watu wametenganishwa na bahari nzima, na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Inatosha kwamba wote wameona jambo moja.

Fikiria mwanamke wa Bertie au Martin, kaunti za vijijini za eneo hilo, mwenye umri wa miaka 60 mwaka 1988. Katika maisha yake ameona shangazi, jirani na mwanakwaya mwenzake wakipata saratani ya titi. Wote walikwenda hospitali wakiwa wamechelewa, kwa sababu ya fedha, kwa sababu ya umbali, au kwa sababu hawakutaka kuwatia watoto hofu. Wote walipasuliwa, na wote wakafa muda mfupi baadaye. Mwanamke huyo hana jedwali la takwimu, lakini ana mifano mitatu ya watu aliowajua kwa majina, na katika kila mfano kisu kilitangulia na kifo kikafuata. Waliogunduliwa mapema na kupona, kama walikuwepo, huenda hawakusema, maana saratani ilikuwa jambo la kunong'ona. Kwa ushahidi alio nao, hitimisho lake ni la akili timamu. Kilichopungua ni mifano ya upande wa pili, na mifano hiyo ilikuwa imezuiwa na ucheleweshaji uleule ambao imani hiyo inauzalisha. Wanaochelewa wanakufa baada ya upasuaji, vifo vyao vinathibitisha imani, na imani inawachelewesha wanaofuata. Kwa hiyo siwezi kukubali kuiita ujinga. Ni mahesabu sahihi yaliyofanywa kwa takwimu zilizoharibika kabla hazijamfikia.

Kuna historia nyuma ya mashaka hayo, nayo haiko mbali. Mwanamke aliyekuwa na miaka 60 mwaka 1988 alizaliwa mwaka 1928. Alikuwa na miaka 35 mwaka 1963, pale mahakama ya rufaa ya shirikisho ilipoamua, katika kesi ya Simkins dhidi ya hospitali ya Moses H. Cone ya mji wa Greensboro katika jimbo hilohilo, kwamba hospitali zilizojengwa kwa msaada wa fedha za serikali haziwezi kuwabagua wagonjwa na madaktari Weusi. Nusu ya maisha yake, basi, hospitali ilikuwa mahali palipompokea kwa masharti. Katika jimbo hilohilo, bodi ya serikali iliidhinisha upasuaji wa kuwafunga watu uzazi chini ya sheria iliyoanza mwaka 1929, ikaendelea hadi mwaka 1974, na watu wapatao 7,600 walifanyiwa hivyo, wengi bila ridhaa ya kweli. Katika miaka ya baadaye wanawake Weusi walikuwa wengi kupita kiasi miongoni mwao, na bunge la jimbo halikutenga fidia hadi mwaka 2013. Dodoso la Greenville halikupima kumbukumbu hii, nami simlazimishi msomaji aione kama sababu iliyothibitishwa. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini kisu cha daktari kiliogopwa hana budi kukumbuka kilichokuwa kimefanywa kwa kisu hicho.

Sasa tuitazame nadharia ambayo wauguzi wengi hufundishwa. Katika miaka ya 1950, wanasaikolojia wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani, akiwemo Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock, walijiuliza kwa nini watu hawaji kupigwa picha ya kifua kutafuta kifua kikuu hata pale huduma inapotolewa bure. Jibu lao likawa mfumo wa imani za kiafya: mtu huchukua hatua akijiona yuko hatarini, akiuona ugonjwa kuwa mzito, akiamini hatua hiyo ina manufaa, na akiona vikwazo vyake vinavukika. Mwaka 1984 Victoria Champion alitengeneza vipimo vya dodoso vya kuutumia mfumo huo kwa uchunguzi wa matiti, na tangu hapo vimetafsiriwa kwa lugha nyingi na kutumiwa kwa wanawake wa rangi na mataifa mbalimbali.

Tatizo liko katika matumizi. Kampeni nyingi hukazania nguzo mbili za kwanza, hatari na uzito, kwa mabango yanayosema saratani inaua na wewe unaweza kuwa anayefuata. Mwanamke wa kisa chetu hakuhitaji kuambiwa hivyo. Alijua kwamba saratani inaua, na alijua kuliko mwandishi wa bango. Kilichokuwa kimevunjika ni nguzo ya tatu: hakuamini kwamba hospitali ina manufaa yoyote kwa mwenye saratani. Kumwongezea hofu mtu wa namna hiyo ni kumsukuma mbali zaidi na mlango, kwa kuwa kipimo kinachotafuta saratani kwa mtu asiye na maumivu kinaonekana kwake kama kwenda kuamsha kilicholala. Hapa pia ndipo uchunguzi wa mapema unapotofautiana na matibabu ya kawaida. Malaria humpeleka mtu zahanati kwa homa, na meno kwa maumivu. Picha ya eksirei ya matiti humtaka mtu mwenye afya, asiye na dalili, aende kutafuta ugonjwa. Anayeona afya kuwa ni kutokuwa na maumivu hana sababu ya kuanza safari.

Sheria nayo ilichangia kuivunja nguzo hiyo. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapatia wanawake wenye kipato kidogo uchunguzi wa saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi, na programu ikaanza kutekelezwa chini ya kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa. Fedha zake ziliruhusiwa kwa uchunguzi, si kwa matibabu. Mwanamke angeweza kuambiwa bure kwamba ana saratani, kisha yeye na wahudumu waliompima wakaanza kuhangaika kutafuta atakayelipia upasuaji na dawa. Sheria ya kuziruhusu serikali za majimbo kumwingiza mwanamke huyo katika Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa ajili ya matibabu ilikuja mwaka 2000. Kwa miaka kumi, basi, mwenye kusema «kupimwa ni kujitafutia huzuni tu» alikuwa akiielezea hali halisi ya sheria.

Utafiti wa Greenville una udhaifu wake, nao usifunikwe. Wanawake waliulizwa wanachoamini baada ya kuugua, na ugonjwa wenyewe unaweza kubadili imani: mwenye saratani iliyosambaa baada ya upasuaji ana sababu mpya ya kuilaumu hewa. Waliofika kwa kuchelewa walikuwa 94 tu, idadi ndogo kwa hesabu yenye vigezo vingi, ndiyo maana namba ya 1.2 ina ukingo mpana wa shaka. Kuna hatari nyingine inayonisumbua zaidi kuliko takwimu. Matokeo haya ni rahisi kuyapindua yakawa lawama, mtu akasema: kumbe tatizo ni imani zao, basi tuwaelimishe, nasi hospitalini hatuna la kurekebisha. Kusoma hivyo ni kusahau kwamba sehemu ya kwanza ya mteremko, kutoka 3.0 hadi 1.8, ilitokana na kipato, bima, usafiri na hali ya maisha kabla imani haijaguswa.

Chicago inaonyesha kwa nini lawama hiyo ni hatari. Katika miaka ya 1980 viwango vya vifo vya saratani ya matiti vya wanawake Weusi na Weupe wa mji huo vilikaribiana. Katika miaka ya 1990 vilianza kuachana, vya Weupe vikishuka na vya Weusi vikibaki palepale, hata mwaka 2003 kiwango cha Weusi kikawa juu kwa asilimia 68. Utafiti wa Jocelyn Hirschman, Steven Whitman na David Ansell uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba, kwa maelezo ya wanawake wenyewe, makundi yote mawili yalikuwa yakienda kupimwa kwa kiwango kilekile. Imani haikuwa imewazuia kwenda. Macho yakageukia kinachotokea baada ya mwanamke kuingia: ubora wa mashine na wa wanaosoma picha, muda kati ya picha yenye shaka na kuchukuliwa kipande cha nyama, na kama matibabu yanapatikana kwa wakati. Kama watafiti wangeendelea kuhesabu imani za wanawake wa Chicago, wangekuwa wanamtafuta mwizi kwenye nyumba ya aliyeibiwa.

Biolojia nayo ina sehemu yake. Utafiti wa saratani ya matiti wa Carolina, ulioanza mwaka 1993 katika kaunti 24 za katikati na mashariki mwa jimbo hilohilo, ulikuta aina kali ya uvimbe, isiyosikia dawa za kuzuia homoni, katika asilimia 39 ya wagonjwa Weusi ambao hawajakoma hedhi, ukilinganisha na asilimia 16 ya wasio Weusi wa umri wowote. Uvimbe wa aina hiyo hukua upesi na unaweza kujitokeza kati ya kipimo kimoja na kingine hata kwa mwanamke asiyekosa miadi yake. Hadi leo wanawake Weusi wa Marekani hupata saratani ya matiti kwa kiwango kidogo chini ya Weupe, lakini hufa kwayo kwa kiwango kilicho juu kwa takriban asilimia 40. Mwenye kutafuta sababu moja ya pengo hilo atakosea, chochote atakachochagua.

Tukirudi kwenye imani ya hewa, yapo yaliyofanyika, North Carolina na kwingineko, ambayo yanaipima hoja ya kisa hiki. Kama imani imejengwa kwa mifano ya watu wanaojulikana, basi itabadilishwa na watu wanaojulikana. Huko Arkansas, jimbo jingine la kusini mwa Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanaanthropolojia Deborah Erwin na wenzake waliwapeleka makanisani wanawake Weusi waliopona saratani ya matiti wakatoe ushuhuda. Neno hilo halihitaji kufasiriwa kwetu, kwa maana kila aliyekaa kanisani anajua ushuhuda ni nini na kwa nini watu hunyamaza kuusikiliza. Mwanamke anasimama mbele ya waumini, anasema nilikatwa mwaka fulani, hewa ikaingia, na bado niko hapa. Ule upande wa pili wa ushahidi, uliokuwa umefichwa na aibu, unaingia kwenye hesabu ya wasikilizaji.

Katika North Carolina kwenyewe, programu iliyoongozwa na watafiti wa chuo kikuu cha jimbo kilichoko Chapel Hill, akiwemo Jo Anne Earp na Eugenia Eng, ilichagua kaunti tano za mashariki, ikazilinganisha na nyingine tano zisizo na programu. Iliwaandaa wanawake Weusi wa palepale wapatao 170 wawe washauri wa afya. Hawa ndio ambao tayari majirani walikuwa wakiwaendea wakiwa na shida, na walizungumza saluni, kanisani na jikoni, juu ya kisu na hewa na waume na gharama, huku kliniki za eneo zikihusishwa ili anayeshawishika asikute mlango umefungwa. Wanawake Weusi 801 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walihojiwa mwanzoni na tena baadaye.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 hayakuwa ya kushangilia kwa kelele. Ukiwachukua wanawake wote kwa pamoja, waliopimwa waliongezeka kwa pointi 6 za asilimia kuliko katika kaunti za kulinganishia, na ukingo wa shaka ulikuwa mpana kiasi cha kugusa sifuri, yaani huenda hakukuwa na ongezeko lolote. Kwa wanawake wenye kipato cha chini, ongezeko lilikuwa pointi 11, na hapo ukingo haukugusa sifuri. Hao walikuwa wale ambao Greenville iliwapa uwiano wa 3.7, waliokuwa na sababu nyingi zaidi za kukaa nyumbani na mifano mingi zaidi ya kuogopesha. Kwao mlango ulifunguliwa na jirani waliyemjua kwa jina, na wakati huu kliniki iliyokuwa nyuma ya mlango huo ilikuwa ikiwasubiri.